Jiji likifeli hewa, bili humfikia anayeshikika

Ndugu yangu ana duka la nguo Changamwe, kando ya barabara inayopitwa na malori ya kontena yakiingia na kutoka bandarini Mombasa. Kinachomlisha hasa ni kanzu. Kila asubuhi hutoa kanzu moja nyeupe, huitundika nje ili mpita njia aione, na jioni huirudisha ndani. Zikipita wiki tatu hivi, kanzu ile huwezi tena kuiita nyeupe. Mabegani inakuwa na kivuli cha kijivu, na ukiigusa kwa kidole uchafu wake haupukutiki kama vumbi la udongo. Unapakaa, kama masizi ya kibatari. Ukiifua hutoka nusu, nusu hubaki. Mteja akiishika tu anajua: "Hii ilikuwa ya kutundikwa, nipunguzie." Naye hupunguza.

Tukisikia redioni kwamba hewa ya jiji fulani imevuka viwango, habari hiyo hupita kama utabiri wa mvua. Imevuka, haya. Halafu? Nani anaitwa ofisini, nani anafungiwa biashara, nani anatoa pesa mfukoni? Maswali haya hujibiwa kila mahali, hata pale ambapo hakuna aliyeyauliza, ila majibu hayafanani. Mahali palipoyajibu kwa kirefu kuliko pote ni California, jimbo la Marekani, kwa sababu sheria inayotumika huko imeandika jiji likifeli hewa nini kinafuata, ngazi kwa ngazi, mpaka kwenye ada. Tuanzie huko.

Punje nne za chumvi

Kwanza tujue mtihani wenyewe. Juu ya paa la shule au jengo la serikali huwekwa mashine yenye bomba lililosimama na kofia kama mwavuli mdogo. Huvuta hewa lita 16.7 kila dakika, usiku na mchana, na kuipitisha kwenye kichujio cha duara chenye upana wa milimita 47, usawa wa mdomo wa kikombe kidogo cha kahawa. Bomba limetengenezwa ili chembe kubwa zibaki nje na zile ndogo tu, zisizozidi maikroni 2.5, zifike kwenye kichujio. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko chembe hizo mara 30 hivi. Ndiyo maana pua na koo haziwezi kuzizuia. Zinashuka hadi vifuko vya mwisho vya mapafu, na nyingine hupenya zikaingia kwenye damu.

Baada ya saa 24, mita za ujazo 24 za hewa zimepita. Kichujio kinapimwa tena kwenye mizani iliyo makini sana. Ikiwa kimeongezeka uzito wa maikrogramu 216, gawanya kwa 24 unapata 9. Maikrogramu 216 ni kama punje nne za chumvi ya mezani. Tisa hiyo ndiyo mpaka wa Marekani kwa wastani wa mwaka tangu Februari 2024. Kabla ya hapo ulikuwa 12. Shirika la Afya Duniani ni kali zaidi: tangu 2021 linashauri isizidi 5.

Chembechembe ni somo moja tu katika mtihani huu. Lililoitesa Los Angeles, jiji kubwa la California, zaidi ni ozoni, gesi inayoumiza mapafu, na lina ujanja wake, kwa sababu ozoni ya chini tunayoivuta haitoki kwenye bomba la mtu yeyote. Oksidi za naitrojeni kutoka kwenye injini na matanuri hukutana na mvuke wa petroli, rangi na viyeyusho, jua likawaka juu yake, na ozoni ikazaliwa hewani. Los Angeles ina jua la kutosha, ina bahari upande mmoja na milima upande mwingine, na juu yake mara nyingi hukaa tabaka la hewa ya joto kama kifuniko cha sufuria. Julai 1943 moshi ulilifunika jiji mchana kweupe, macho yakawawasha watu hata wengine wakadhani Wajapani wamerusha gesi ya sumu. Ilichukua miaka kadhaa mpaka Arie Haagen-Smit, mwanakemia Mholanzi aliyekuwa akichunguza harufu ya mananasi katika chuo cha Caltech, alipoonyesha kwamba mapishi yale yalikuwa ya magari na viwanda vya mafuta pamoja na jua. Wenye viwanda vya mafuta walimpinga sana.

Sasa neno "kufeli". Siku moja mbaya haikufelishi. Kwa ozoni, kila mwaka huchukuliwa siku ya nne kwa ubaya, kisha miaka mitatu ikatafutiwa wastani. Wastani huo usizidi sehemu 70 katika bilioni. Siku tatu mbaya kuliko zote za kila mwaka umesamehewa. Moshi wa msitu ulioungua nao waweza kuombewa udhuru, na hapo mawakili na wataalamu hupata kazi ya kuthibitisha moshi wa siku fulani ulitoka wapi.

Na kinachofeli ni eneo, si kiwanda. Hapa ndipo wengi hupotea. Kiwanda kinaweza kuwa kimetii kila sharti la kibali chake, na bado kikajikuta ndani ya eneo lililofeli. Ni kama darasa zima kurudia mwaka kwa sababu ya wastani wa darasa.

Ngazi na kilemba

Sheria ya Hewa Safi ya Marekani ni ya 1970, lakini ngazi ninayoisimulia iliwekwa na marekebisho ya 1990. Maeneo yaliyofeli ozoni hupangwa katika madaraja matano, kuanzia lililofeli kidogo hadi lililofeli vibaya kupita kiasi. Kadiri daraja linavyokuwa baya, ndivyo muda unavyoongezwa na masharti yanavyokazwa. La kwanza lina miaka mitatu ya kujirekebisha, la mwisho lina 20. Los Angeles na jirani zake wako daraja la mwisho, na kwa kiwango cha sasa cha ozoni tarehe yao ni mwaka 2038. Mtoto aliyezaliwa daraja lilipotangazwa mwaka 2018 atakuwa na umri wa kupiga kura siku hiyo ikifika.

Mfanyabiashara anaiona ngazi hiyo kwanza kupitia neno "mchafuzi mkubwa". Katika daraja la chini, kiwanda huitwa hivyo kikifikisha tani 100 kwa mwaka za oksidi za naitrojeni au mvuke wa kemikali. Eneo likishushwa daraja, idadi hiyo inakuwa 50, kisha 25, na mwisho 10. Hujaongeza mashine hata moja, hujachafua zaidi ya jana, lakini leo umeamka mkubwa. Kibali kipya, mhandisi wa kukijazia makaratasi, ripoti, ukaguzi. Jiji la Denver, jimbo la Colorado, liliposhushwa daraja mwaka 2022, biashara za mafuta na gesi zilizokuwa chini ya mstari zilijikuta juu yake, na tangu majira ya joto ya 2024 hata dereva wa kawaida wa huko hununua petroli ya mchanganyiko maalumu ambayo gharama yake iko juu kidogo.

Mwenye kutaka kufungua kiwanda kipya cha ukubwa huo ana shida zaidi. Lazima afunge mtambo safi kuliko yote inayowezekana, hata kama ni ghali. Juu ya hapo, kila tani atakayoongeza hewani lazima mtu mwingine katika eneo awe ameipunguza, na si moja kwa moja: ni tani moja na sehemu ya kumi daraja la chini, mpaka tani moja na nusu daraja la juu. Tani hizo anazitoa wapi? Anazinunua. Kiwanda kilichofungwa, au kilichobadilisha tanuri likawa safi, hupewa hati ya uchafu kilioupunguza, na hati hiyo ni mali inayouzwa.

Watu wa pwani tunalijua jambo hili kwa jina lake. Ni kilemba. Unataka fremu ya duka kwenye mtaa uliojaa? Humlipi mwenye nyumba kodi tu, unampa na aliyekutangulia kitu kabla hajakuachia ufunguo. Hewa iliyofeli imejaa kama mtaa ule, na waliokuwa ndani tangu zamani ndio wanaopokea kilemba. Ndiyo maana huwa siamini sana mtu anaposema kwamba sheria hizi zinaumiza "viwanda" kwa jumla. Zinamuumiza anayebisha hodi. Aliye ndani amekalia hati.

Madaraja haya yakishuka chini zaidi yanafika jikoni. Unga ukiumuka, hamira hutoa kileo, na mkate ukiingia kwenye tanuri kileo kile hugeuka mvuke. Ile harufu inayokutoa nyumbani asubuhi kwenda bekari ni, kwa jicho la mkaguzi wa Los Angeles, mvuke wa kemikali unaosaidia kupika ozoni. Viwanda vikubwa vya mikate vina kanuni yao. Mwaka 1997 ikaja kanuni ya mahoteli yanayochoma nyama kwa majiko ya mnyororo, yale ambayo baga huingia mbichi upande huu na kutoka imeiva upande wa pili: lazima juu ya jiko pawe na kifaa cha kuunguza moshi kabla haujatoka nje. Nilipoisoma kanuni hiyo nilizikumbuka nyama choma zetu za Jumamosi nikacheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu moshi wa mafuta yanayodondokea moto ni chembechembe zile zile za kichujio.

Bandari

Mkate na baga vinakaguliwa hivyo ilhali, kwa hesabu za mamlaka ya hewa ya eneo hilo, oksidi nyingi za naitrojeni zinazopika ozoni ya Los Angeles, zaidi ya robo tatu, hutoka kwenye vitu vinavyotembea: malori, meli, treni, ndege, magari madogo, mitambo ya ujenzi. Kwa nini basi mkaguzi asiende huko? Kwa sababu hana mamlaka huko. Injini za meli, treni na ndege zinasimamiwa na serikali kuu au mikataba ya kimataifa. Mamlaka ya mtaa ina nguvu juu ya kilichosimama: bomba la kiwanda, tanuri, kibanda cha kupulizia rangi. California ilikuwa na ruhusa ya pekee ya kujiwekea kanuni kali za magari na malori, na Juni 2025 ruhusa kadhaa kati ya hizo zilifutwa kwa maazimio ya Bunge la Marekani yaliyotiwa saini na rais. Jimbo likaenda mahakamani. Tarehe ya 2038 haikusogea.

Hapo utaona bili ya hewa inavyotembea. Haianzi kwa aliyechafua zaidi. Humtafuta anayeshikika.

Hakuna mfano unaonigusa kuliko wa madereva wa bandari za Los Angeles na Long Beach, pengine kwa sababu nimekulia jirani na bandari. Bandari hizo mbili zimekaa ubavu kwa ubavu, na sehemu kubwa ya kontena zinazoingia Marekani hupita hapo. Malori yaliyokuwa yakizibeba yalikuwa mazee, ya dizeli, na mitaa ya Wilmington na San Pedro ilikuwa ikivuta moshi wake mchana na usiku. Mwaka 2008 bandari zikaamua: kuanzia Oktoba, lori lililotengenezwa kabla ya 1989 halipiti getini. Kufikia 2012, lisilofikia kiwango cha injini cha 2007 nalo halipiti. Moshi wa dizeli kutoka kwenye malori ulishuka kwa zaidi ya asilimia 90. Ni ushindi ambao miji michache duniani inaweza kuuonyesha, na watoto wa Wilmington wanaupumua.

Lakini lori jipya lilikuwa na bei ya dola laki moja au zaidi, na malori yale mazee yalikuwa ya madereva wenyewe, wengi wao wahamiaji. Kampuni za uchukuzi zikawapa mpango: chukua lori letu, ulipe kidogo kidogo kwa kukatwa mshahara. Mwaka 2017 gazeti la USA Today lilieleza kilichofuata. Madereva walikuwa wakifanya kazi saa zisizo halali kufukuza deni, wengine wakipokea hati ya malipo ya wiki inayoonyesha senti chache, au kwamba wao ndio wanaodaiwa. Aliyeugua au kukataa safari alinyang'anywa lori pamoja na yote aliyokwisha kulipa. Maduka makubwa ambayo viatu na televisheni zao zilikuwa ndani ya kontena hayakununua lori hata moja.

Dola 12

Kaskazini ya Los Angeles kuna bonde la San Joaquin, lenye miji ya Fresno na Bakersfield, mashamba yasiyoisha na hewa mbaya. Nalo lilifeli ozoni, likafika tarehe ya mwisho, likafeli tena. Sheria ya 1990 imeliwekea kosa hilo ada: wachafuzi wakubwa walipe dola 5,000, kwa thamani ya fedha za 1990, kwa kila tani inayozidi asilimia 80 ya uchafu wao wa kawaida. Hesabu ya bonde zima ikaja kama dola milioni 29 kwa mwaka.

Wakubwa wakasema: sisi tumeshafunga mitambo yote inayotakiwa, uchafu uliobaki ni wa magari. Hoja hiyo haikuwa ya uongo. Basi mwaka 2010 bodi ya hewa ya bonde ikapitisha kwamba kila mwenye gari aongezewe dola 12 anapolipia usajili wa mwaka. Mwenye gari jipya la umeme, dola 12. Mchuma zabibu mwenye gari la miaka 20, dola 12. Adhabu iliyoandikwa kwa ajili ya wenye mabomba makubwa ikafika kwenye bahasha ya kila nyumba.

Kuna adhabu nyingine inayotajwa sana na kuchanganywa na hii. Utasikia kwamba jiji likifeli hewa serikali kuu inalinyima pesa za barabara. Si hivyo hasa. Kufeli kwenyewe hakukunyimi barabara. Kinachokunyima ni kushindwa kuleta mpango unaokubalika. Jimbo likichelewa miezi 18, viwanda vipya vinatakiwa kufidia tani mbili kwa kila moja. Ikipita miezi sita zaidi, pesa za barabara zinaweza kusimamishwa. Ni tofauti ya mwanafunzi aliyefeli na mwanafunzi ambaye hakuleta daftari.

Aliyepoteza, na asiyejua amepoteza

Mchumi Michael Greenstone alilinganisha maeneo yaliyofeli na yaliyofaulu kati ya 1972 na 1987, akakuta yaliyofeli yalipoteza takriban kazi 590,000 katika viwanda vinavyochafua, yakilinganishwa na wenzao. Nyingine zilihamia kwa waliofaulu, kwa hiyo si kwamba ziliyeyuka zote, lakini ukiwa fundi wa kuyeyusha chuma mwenye nyumba ya mkopo, kazi iliyohamia jimbo lingine ni kazi iliyokufa. Mwaka 2013 mchumi mwingine, Reed Walker, aliwafuata wafanyakazi wenyewe baada ya kanuni za 1990, akakuta kwa wastani kila mmoja alipoteza jumla inayolingana na asilimia 20 ya mapato yake ya kabla ya kanuni. Mzigo mkubwa ulikuwa kwa waliopoteza kazi na kukaa muda mrefu bila nyingine. Jumla hiyo ni ndogo sana ukiiweka mbele ya faida ya afya iliyopatikana, na Walker mwenyewe analisema hilo. Shida ni kwamba faida na hasara havikuangukia nyumba moja.

Hasara ya upande wa pili, ile ya kuvuta hewa chafu, haina hati ya malipo, kwa hiyo watu huihesabu kama sifuri. Wachumi Joshua Graff Zivin na Matthew Neidell walikwenda kwenye shamba moja la California ambako wachumaji hulipwa kwa kiasi wanachochuma, wakalinganisha mavuno ya kila siku na ozoni ya siku hiyo. Ozoni ikishuka kwa sehemu 10 katika bilioni, mikono ile ile ilichuma zaidi kwa asilimia 5.5. Na tofauti hiyo ilionekana hata siku ambazo hewa ilikuwa ndani ya kiwango. Mwenye shamba hakuona chochote. Aliona tu kwamba leo watu wamekuwa wazito. Mchumaji naye aliona kikapu hakijai. Hakuna aliyefikiri kuitazama hewa.

Kisha watoto. Chuo Kikuu cha Southern California kiliwapima mapafu watoto wa miji ileile ya kusini mwa jimbo kwa vikundi vitatu, kuanzia miaka ya tisini. Katika kikundi cha kwanza, asilimia 7.9 walifika umri wa miaka 15 wakiwa na mapafu dhaifu kiasi cha daktari kuingiwa na wasiwasi. Katika kikundi cha mwisho, kilichofuatiliwa mpaka 2011, walikuwa asilimia 3.6. Katikati yake hewa ilikuwa imesafishwa. Eneo bado lilikuwa limefeli ozoni. Bado limefeli leo. Mtu anayesema kwamba ngazi yote ile haikuleta kitu kwa sababu Los Angeles haijafaulu, amesoma cheti akasahau kumtazama mtoto.

London ilichagua njia fupi: bili apewe dereva, moja kwa moja, kwa kamera. Tangu Agosti 29, 2023 eneo lote la jiji hutoza pauni 12.50 kwa siku kwa gari la zamani lisilofikia kiwango. Fundi bomba mwenye gari la mizigo la dizeli la 2013 anaanza wiki ya siku tano akiwa amepungukiwa pauni 62.50 kabla hajashika spana. Kelele zake zimesikika hadi kwenye chaguzi. Upande wa pili wa mizani hiyo kuna Ella Adoo-Kissi-Debrah, msichana wa miaka 9 wa Lewisham aliyefariki Februari 2013 kwa pumu, nyumba yao ikiwa karibu na barabara kubwa. Desemba 2020 afisa uchunguzi wa vifo aliamua kwamba uchafu wa hewa ulichangia kifo chake, na kwamba wakati ule hewa ya hapo ilikuwa juu ya viwango vya kisheria. Alikuwa wa kwanza Uingereza kuandikiwa hivyo. Enzi za uhai wake barabara ile ilikuwa ikifeli, na hakuna dereva wa gari dogo la kawaida aliyelipa pauni hata moja kwa ajili ya kufeli huko.

Tukirudi Changamwe

Kenya ina kanuni za ubora wa hewa tangu 2014, na Tanzania tangu 2007. Ibara ya 42 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Maandishi tunayo. Tusichokuwa nacho ni ile ngazi: eneo litangazwe limefeli, lipewe daraja, lipewe tarehe, na masharti yajikaze yenyewe tarehe ikipita. Kanuni zetu humtazama mwenye bomba mmoja mmoja na leseni yake. Hakuna barua itakayokuja kusema kwamba Changamwe imefeli, kwa hiyo hakuna anayedaiwa.

Na pasipokuwa na ngazi, njia inayobaki ya kujua nani alipe ni mahakama. Si mbali na duka la ndugu yangu kuna mtaa wa Owino Uhuru. Kuanzia 2007 palikuwa na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu za magari kutoa risasi, ile metali yenye sumu, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Moshi na vumbi vikaingia ndani, maji machafu yakapita kwenye mitaro ambamo watoto huchezea. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa pale. Mwanawe mchanga akaugua, vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu yake. Akaanza kuuliza, kisha kuandamana, kisha kushtaki. Kiwanda kikafungwa 2014. Yeye akapewa tuzo ya Goldman, ya watetezi wa mazingira, 2015.

Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu mwenyewe: kutoka kiwanda kuwashwa mpaka neno la mwisho la mahakama ni miaka 17. Na mzigo ule haukuangukia kampuni peke yake. Uligawanywa kati yake na taasisi za serikali zilizotoa vibali au zilizotakiwa kuzuia. Fungu la serikali hutoka kwenye kodi, na kodi hulipwa hata na mama wa Owino Uhuru anaponunua kipande cha sabuni. Bonde la San Joaquin lilituma dola 12 kwenye bahasha. Hapa kwetu huja bila bahasha.

Malori ya Changamwe, kwa upande wao, hayana kesi. Ni mengi, ya watu wengi, kila mmoja ana moshi wake kidogo. Utamshtaki nani? Dereva? Amekodi. Mwenye lori? Atakuambia dizeli aliyoweka ni ile ile ya kila mtu. Mwenye mzigo yuko Kampala au Kigali. Bandari itasema moshi uko barabarani, barabara itasema moshi ni wa bandari. Kila mmoja wao ana hoja, kama wale wakubwa wa bonde walivyokuwa na hoja.

Nilimuuliza ndugu yangu kama amewahi kupiga hesabu ya zile kanzu za kutundikwa. Alinitazama kama nimemuuliza kama anajua jina lake. Akaeleza: katika kila dazani anayoleta, moja anaihesabu imekufa tangu inapofunguliwa kwenye mfuko. Ikiuzwa kwa chochote, hiyo ni bahati. Bei yake ameshaigawanya juu ya zile kumi na moja nyingine, shilingi chache kila moja, na mwenye kununua ya Idi hajui.

"Na kifua?" nikamuuliza, kwa sababu alikuwa akikohoa tangu nilipoingia.

Akasema hicho bado hajapata wa kumgawia.